Mafuta Niliyopaka Buti za Mwanangu

Mimi tope nalijua. Nimekaa Eastlands zaidi ya miaka thelathini, na kwetu mvua ikinyesha siku mbili mfululizo hakuna tena njia, kuna tope na watu wanaolipita. Udongo wetu ni mweusi. Ukikauka unapasuka mpaka mtoto anaweza kutia mguu kwenye ufa. Ukilowa unang'ang'ania kiatu kama mtoto anayeachishwa ziwa. Nimewahi kuona mwanamume mzima akifika stendi na kiatu kimoja, na hakurudi kutafuta cha pili.

Kwa hivyo mtu asije akasema nilifanya nilichofanya kwa sababu sikujua tope. Tope nililijua. Nilichokuwa sijui ni farasi.

Mwanangu alikuwa joki. Mtaani wengi hawakuamini. Walizoea kuona mtu wa kwetu akiwa dereva, karani wa kanjo ya jiji, fundi, mchonga vinyago, lakini si mtu wa kupanda farasi ng'ambo ya mji, huko njia ya Ngong, mbele ya watu wenye kofia na darubini. Alianza kama saisi, yaani yule anayefagia zizi, anampiga farasi brashi na kumtembeza alfajiri. Alikuwa mdogo wa mwili tangu kuzaliwa. Nilimlisha uji wa wimbi, nikamlisha maini, nikampeleka zahanati wakanipa dawa ya minyoo, wala hakuongezeka. Kumbe udogo ule niliokuwa nikiulilia kanisani ndio ungempa kazi. Mwalimu wa farasi mmoja alimwona akimwongoza farasi mkaidi bila kupigana naye, akampandisha juu yake, na tangu siku hiyo hakushuka.

Mimi nilikuwa nikifulia watu nguo. Siku nyingine nilikuwa Buruburu kwa wafanyakazi wa serikali, lakini Jumatatu ilikuwa ya farasi. Mwanangu alikuja nyumbani Jumatatu na mfuko wa mashati ya majoki, yake na ya wenzake, kwa maana wenzake walikuwa wameona ninavyofua. Kila mwenye farasi ana rangi zake, na joki anavaa rangi za mwenye farasi. Kulikuwa na shati la manjano lenye mikono myeusi, la kijani lenye nyota nyeupe mgongoni, jekundu lenye mistari, na la zambarau ambalo lilichuja rangi usipoliangalia. Niliyajua yote kwa mkono. Nilijua kifungo kipi kimelegea na kola ipi imechakaa. Ungenifunga macho ukanipa shati, ningekuambia ni la farasi wa nani.

Lakini mbio zenyewe sijawahi kuziona. Zilikuwa Jumapili, na watu walikwenda kule kucheza kamari. Nilimwambia mwanangu, kazi yako ni halali, sikukatazi, nguo nitafua, lakini miguu yangu haitakanyaga pale siku ya Bwana. Hakubisha. Nami nilidhani nimemaliza mambo.

Ndipo ukaja mwaka wa Elnino. Wanaoukumbuka sihitaji kuwasimulia. Mvua ilinyesha mpaka tukasahau rangi ya anga. Mabati yalioza, makaa hayakuwaka, maiti zilikaa mochari kwa sababu magari hayangeweza kufika makaburini. Na mashati ya Jumatatu yalianza kuja kwangu yakiwa hayana rangi. Nilimimina mfuko sakafuni, nikaona kitu kimoja tu cha kahawia kama mabonge ya udongo wa mfinyanzi. Nilibadilisha maji mara tano kabla sijaona nyota za lile la kijani.

"Mathe, leo nimekuletea shamba," mwanangu akaniambia.

"Mimi si mathe. Na hilo shamba uliache nje ya mlango."

Alikuwa amekaa karibu na jiko na kikombe cha chai ya rangi. Hakula Jumatatu. Joki anapimwa uzito kabla ya mbio na baada ya mbio, kwa hivyo yule mtoto niliyemlisha maini sasa alikuwa akikimbia chakula changu.

Nilimuuliza wanakimbiaje kwenye uchafu ule. Akanieleza, na ninayakumbuka maneno yake kwa sababu yalikaa ndani yangu kama mwiba.

Alisema farasi wa mbele anaona njia, lakini wa nyuma anaona tope tu. Kwato za wale wa mbele zinalirusha nyuma kama mawe, linakupiga kifuani, mdomoni, machoni. Joki siku ya mvua huvaa miwani mitatu, mmoja juu ya mwingine. Wa kwanza ukijaa anauvuta chini unakaa shingoni, anaona kwa wa pili, kisha wa tatu.

"Na wa tatu ukijaa?"

"Nafumba macho nasikiliza wenzangu."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Alisema njia ya ndani, ile inayopita kando ya uzio, ndiyo fupi, na siku ya jua kila mtu anaitaka. Siku ya mvua inakanyagwa na mbio za kwanza mpaka inageuka uji, na farasi anayepita hapo anazama hadi juu ya kwato. Anayejua anatoka nje, mbali na uzio, ambako nyasi bado zimeshika udongo, japo njia ni ndefu. Alisema kuna farasi wenye kwato pana kama sahani, hao tope ni sherehe yao. Na kuna wengine, tope likiwagusa uso tu, wanainua kichwa na kukataa. Aliyekuwa akimpanda yeye, jike wa kahawia, alikuwa wa hao wa kukataa.

"Kwa hivyo kazi zangu ni mbili. Nimweke mbele, au nimtoe nje kabisa."

"Na akiteleza?"

Akaenda nje kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Nikamfuata. Ndipo akaniambia habari ya mwenzake, bila kuniangalia. Yule mwenye shati la zambarau. Farasi alikuwa ameteleza kwenye kona, yeye akaanguka, lakini mguu mmoja haukutoka. Tope lilikuwa limejaa kati ya buti na kile chuma cha kukanyagia, likashika kama simiti. Farasi akasimama, akaogopa, akakimbia naye. Alimburuta hadi mwisho wa uwanja.

"Yuko wapi sasa?"

"Hospitali. Mama yake akiingia, yeye anamwita dada."

Nilirudi ndani. Shati la zambarau lilikuwa ndani ya beseni langu. Nilikuwa nimelifua tayari, na nilikuwa nimeshangaa kwa nini mgongo wake umechanika hivyo.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia kwangu kama mpangaji. Nikipika niliona mguu ulionaswa. Nikisali niliona mguu. Nilimwambia asipande mpaka mvua iishe.

"Mama, mvua hii haina mpango wa kuisha. Nikikataa siku ya tope, nitapanda lini? Kuna vijana sita wanangoja farasi huyo huyo."

Aliniita mama, si mathe. Nikajua hatakubali.

Sasa nieleze jambo letu. Kule Ukambani nilikozaliwa, mama mkwe alinifundisha kwamba jembe linaloingia udongo mweusi hupakwa mafuta kwanza, ili udongo usilishike. Nilipokuja Nairobi niliona wanawake wa mtaa wakifanya hivyo hivyo kwa viatu. Msimu wa mvua tulichukua mafuta ya kupikia yaliyobaki, yale ambayo yameshakaanga samaki au mandazi, tukayapaka kwenye nyayo na kando za viatu vya watoto wa shule. Tope likishika, linaanguka lenyewe. Gambuti zangu mimi nilizipaka kila Jumamosi. Nilipita mitaro na mashimo nikafika kwa watu Buruburu na buti safi, na mama mmoja huko aliwahi kuniuliza kama nimebebwa.

Nadhani unaona ninapokwenda.

Jumamosi ile buti za mwanangu, alizoziacha kwangu tangu Jumatatu, zilikuwa zimekauka karibu na jiko. Zilikuwa za ngozi nyepesi, nyembamba kama soksi, za kufika chini ya goti. Nilikaa kwenye kigoda nikayeyusha mafuta kwenye kifuniko cha sufuria. Nikapaka kwa kitambaa. Nikapaka nyayo, kisigino, na hasa pale chini ya mguu panapokaa chuma. Nikapaka na upande wa ndani wa muundi. Yakaingia, nikapaka tena. Mara tatu. Nilisema moyoni, akianguka, mguu utatoka. Hata tope lijae vipi, mguu utatoka.

Sikumwambia. Nilijua angenicheka, na pengine angezifuta.

Alikuja saa sita, akazifungua kwenye gazeti, akazitazama.

"Zimeng'aa, mathe."

"Mikono ni kwa ajili hiyo. Nenda na Mungu."

Akaenda. Siku hiyo nilikula nikashiba, mara ya kwanza juma lile.

Jumapili ibada yetu ilianza saa tano. Niliondoka mapema, nguo ya kanisani, kitambaa cheupe kichwani, Biblia ndani ya mfuko wa plastiki, na gambuti zangu zenye mafuta. Kati ya nyumba zetu na barabara kuna mtaro mkubwa. Siku zote tulivuka kwa ubao, lakini maji ya Ijumaa yalikuwa yameubeba. Jirani yangu, mzee mmoja aliyestaafu reli, mtu wa mkoa wa Magharibi, alikuwa ametoa kipande cha chuma cha reli alichokuwa akikikalia mbele ya mlango wake tangu astaafu. Vijana wakamsaidia kukilaza juu ya mtaro jioni ya Jumamosi.

Nilitembea kwenye tope vizuri kabisa. Lilikuwa likidondoka kutoka kwenye buti zangu kila hatua. Nikaweka mguu wa kulia juu ya chuma. Haukukaa hata kidogo. Uliondoka kana kwamba mtu ameuvuta kwa kamba, na wa pili ukaufuata, na mimi nikajikuta nimekaa mtaroni, maji ya kiunoni, Biblia nimeiinua juu.

Mzee alitoka na mwavuli.

"Mama, umevunjika?"

"Sijui. Nishike mkono."

Akanivuta. Alikuwa na nguvu bado.

"Reli hii imebeba magari moshi kutoka Mombasa," akasema, "haijawahi kuangusha mtu. Umeikanyagaje?"

"Si reli. Ni mafuta."

Aliinama, akagusa buti yangu kwa kidole, akakinusa.

"Hizi buti ulitaka kuzivaa au kuzikaanga?"

Nilikuwa nikitazama ile reli na alama mbili nyembamba zinazong'aa juu yake, pale miguu yangu ilipopita.

Mzee yule alikuwa mtu wa farasi. Si kwamba alikwenda huko, ila kila mwisho wa juma alisoma gazetini farasi gani watakimbia, akasikiliza redioni nani ameshinda. Nikamuuliza, "Mzee, joki akiwa juu ya farasi, miguu yake inafanya nini?"

"Inakanyaga chuma."

"Ndiyo, lakini amekaa. Si amekaa?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama samaki anakaa mtini.

"Nani alikuambia wanakaa? Joki hakai, mama. Anasimama juu ya vile vyuma viwili, kwa ncha za miguu, ameinama namna hii, tangu kuanza mpaka kumaliza. Hakuna kingine kinachomshika."

Na akanionyesha, pale kwenye mvua, mzee wa miaka sitini na kitu, amechutama juu ya tope na mwavuli.

Miaka minne mwanangu alikuwa akipanda, na mimi siku hizo zote nilidhani amekaa kama mtu aliye kwenye kiti. Sikuwa nimewahi kutazama. Nilijivunia kutokutazama.

Nilimwambia nilichofanya. Hakunicheka tena. Alitoa saa mfukoni.

"Mwanao yuko mbio ya tatu. Inaanza saa tisa kasorobo. Twende."

"Na kanisa?"

"Utatubu njiani."

Simu ya kibandani ilikuwa imekufa kwa mvua tangu juma lililotangulia, na hata ingekuwa hai sikuwa na namba ya kupiga. Jogoo Road ilikuwa ziwa. Tulitembea kando ya mabohari ya Industrial Area hadi tukapata basi lililokuwa likijikokota, likatufikisha mjini saa saba na nusu. Basi la pili tulilingoja muda mrefu. Sikuhisi baridi, ingawa nguo yangu ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Nilikuwa nikipiga hesabu moja tu, saa ngapi sasa, saa ngapi sasa, mpaka mzee akanipa saa yake niishike mwenyewe. Katika barabara ya Ngong mti ulikuwa umeanguka na magari yamesimama. Tukashuka. Tukatembea. Kule udongo ni mwekundu, hauna uzito kama wetu, ila unateleza kama sabuni, na kila nilipoteleza nilisikia kitu kikinichoma ubavuni.

Langoni askari alinitazama, tope mpaka kiunoni, Biblia mkononi.

"Mama, kanisa si hapa."

"Mwanangu yuko ndani. Nina neno naye."

"Ni farasi au ni mtu?"

"Ni joki," mzee akasema, "na usicheze na huyu mama leo."

Akatuelekeza upande wa watu wa kawaida, wanaosimama kando ya uzio. Sauti kwenye kipaza sauti ilikuwa ikisema maneno ya Kiingereza kwa haraka. Mzee akasikiliza, na nikaona uso wake.

"Nini?"

"Wameshatoka. Wako kule ng'ambo, wanajipanga."

"Wasimamishe."

"Mama, hawa hawasimamishwi kama basi."

Nilishika uzio. Kule mbali, nyuma ya mvua, niliona vitu vidogo vya rangi, manjano, nyekundu, kijani. Vilikuwa vizuri, nasema kweli. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona mashati yangu yakiwa na watu ndani. La manjano lenye mikono myeusi ndilo lilikuwa lake. Nililiona. Kisha yakaanza kwenda.

Nilikuwa nimetegemea kusikia vishindo. Siku ya tope hakuna vishindo. Kulikuwa na sauti kama ya wanawake wengi wanaopiga nguo mbichi kwenye mawe, inakuja kutoka mbali, inaongezeka. Walizama kwenye kona ya mbali, na pale kona inapoisha kitu kikaanguka. Sikuona vizuri. Niliona mkusanyiko ukipasuka, na watu waliokuwa kando yangu wakavuta pumzi wote pamoja.

"Ni nani?" nikauliza.

"Sijui."

"Mzee, ni nani?"

"Sijui, mama. Sioni."

Walipokuja upande wetu, hakukuwa tena na manjano, wala nyekundu, wala kijani. Wote walikuwa rangi moja, farasi na watu, kama wamechovywa kwenye sufuria moja. Nyuso zao zilikuwa tope lenye mashimo. Mmoja wa farasi hakuwa na mtu, vyuma vyake vikimpiga ubavuni. Mimi niliyejua kila kifungo na kila kola, mimi niliyesema nifungeni macho, nilikuwa nimefumbua macho yote mawili na sikuweza kumjua mwanangu. Nilitafuta nyota, hakuna nyota. Nilitafuta mikono myeusi, mikono yote ilikuwa ya kahawia. Nikaanza kusema maombi, nikasahau maneno, nikabaki na "Bwana, Bwana, Bwana."

Kisha nikatazama chini. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu miguu ndiyo niliyokuwa nikiiona juma zima.

Jozi moja ya buti ilikuwa nyeusi. Katikati ya uchafu ule wote buti zilikuwa nyeusi na safi na zinang'aa, tope linazipiga na kuteremka kama maji kwenye jani la nduma. Zilikuwa mbali na uzio, nje kabisa, karibu na mwisho. Na hazikuwa ndani ya vyuma. Zilikuwa zinaning'inia, zote mbili, kama miguu ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Mwenye buti alikuwa amelala juu ya shingo ya farasi, vidole vimezama kwenye manyoya ya shingo, na yule jike alikuwa akienda anakotaka yeye.

Nilitaka kumwita. Akapita. Nilimfuata kwa macho mpaka farasi akapunguza mwendo, akatembea, akasimama, na masaisi wakamkimbilia. Niliona akiteremka. Alisimama kwa miguu yake. Ndipo nikagundua kwamba nimeushika mkono wa mzee wa watu mpaka kucha zangu zimemtoboa.

Aliyeanguka kwenye kona alikuwa mwingine. Walimwokota amekaa, amevunjika mfupa wa bega, anatukana. Kutukana kule kulinifurahisha kuliko wimbo.

Mwanangu alikuja uzioni baada ya kupimwa. Saisi mmoja alikuwa amemwambia kuna mama wa kanisa anamtafuta analia. Alikuwa macho na meno tu.

"Mama? Nani amekufa?"

Kwa maana hakuona sababu nyingine ya kunileta pale.

"Hakuna aliyekufa. Mimi ndiye niliyetaka kukuua."

"Unasema nini?"

"Buti. Nilizipaka mafuta. Ili mguu usinaswe."

Akainama akazitazama. Akapitisha kidole, akakinusa, kama mzee alivyofanya asubuhi.

"Nilidhani ni rangi ya viatu," akasema polepole. "Miguu ilitoka kona ya kwanza. Ule wa kushoto kwanza, halafu wa kulia. Kila nikirudisha, unatoka. Nikasema, basi, leo ni leo." Akashika uzio kwa upande wake, nami kwa upande wangu. Kisha akasema, "Mama, yule farasi muda wote amekuwa akinusa. Kumbe alisikia chapati."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mzee.

Sikuwa mama wa kuomba watoto msamaha. Wanangu wote wanajua. Siku ile nilimwambia, "Nimekosa." Akasema, "Haya." Hatujawahi kulizungumza tena. Alipanda miaka mingine mitatu, nami niliendelea kufua mashati, lakini buti hakuzileta tena nyumbani, na mimi sikuziulizia. Kuanzia Jumapili ile nilikwenda ibada ya asubuhi na mapema, na mchana nikawa pale uzioni kila siku ya mvua. Mchungaji aliniita akaniuliza. Nilimwambia ninaenda kumwangalia mtoto, na kama hilo ni kamari aniandike.

Lakini siku yenyewe haikuwa imeisha. Alikuwa na farasi mwingine mbio ya tano.

"Usipande," nikamwambia.

"Nimeshaandikwa."

"Basi vua."

Akavua buti, akazipitisha chini ya uzio, akasimama kwenye nyasi na soksi. Mzee alikwenda nje ya lango kwa yule mama aliyekuwa akichoma mahindi, akarudi na jivu kwenye gazeti, bado lina joto. Nilipiga magoti palepale mbele ya watu. Nilivua kitambaa changu cheupe cha kichwani, nikachovya kwenye maji ya mvua, nikachota jivu nikasugua. Nilisugua nyayo, kisigino, pale panapokaa chuma, upande wa ndani wa muundi. Mafuta yalitoka meusi. Nikasugua tena, mara tatu, kama nilivyopaka mara tatu. Watu walipita wakitazama. Nilipomaliza ngozi ilikuwa imekwaruzika, imepauka kama goti la mtoto asiyepakwa kitu. Nikabonyeza kidole gumba kwenye wayo. Kilishika.

Akavaa, akaenda.

Mbio ya tano walikuwa saba. Niliwahesabu wakitoka, nikawahesabu tena kule ng'ambo wakijipanga. Kulikuwa na mvua zaidi, na njia ilikuwa imekwisha kabisa, uji mtupu kutoka uzio hadi uzio. Wakaondoka. Wakazama kwenye kona. Walipotokea walikuwa wote rangi moja, na safari hii hata nilipotazama chini hakukuwa na buti zinazong'aa. Buti zote zilikuwa tope. Mwanangu alikuwa mmoja wao, nami sikuweza kumjua.

Mzee aliniuliza, "Unamwona?"

"Nyamaza," nikamwambia, "ninahesabu."

Nikahesabu waliokuwa juu ya farasi, kwa kidole, kama mtu anayehesabu vifaranga jioni. Mmoja, wawili, watatu, wanne. Hapo kukawa na nafasi, na mvua, na hakuna kitu. Kisha wa tano na wa sita, wakiwa pamoja. Kisha nafasi nyingine, ndefu kuliko ile ya kwanza. Nilisimama na kidole hewani.

Wa saba akatokea.